Ndege na Mashimo Mawili

Nitalisema tena, kwa sababu kila nikilisema naulizwa palepale anajuaje: ndege wa porini anajua ni wapi kuna chakula kingi zaidi, na hakufundishwa na mtu.

Mfano wangu ni uleule, robini wa New Zealand, ndege mdogo wa porini. Huyu huficha chakula cha akiba, na wenzake humwibia. Simon Hunt, Jason Low na Kevin Burns walichapisha utafiti wao juu yake mwaka 2008. Mbele ya macho ya ndege, unatumbukiza mabuu ya mbawakawa mojamoja katika mashimo mawili: huku matatu, kule manne. Unafunika. Angalieni hapo! Marundo mawili hajapata kuyaona wazi kwa pamoja. Alichobaki nacho ni kumbukumbu tu. Anaachwa achague, na mara nyingi anakwenda kwenye mengi. Jumla ikipanda makosa nayo yanapanda, lakini hata ilipofika 12, bado alikuwa mbele ya mtu wa kubahatisha.

Basi mkono unanyooshwa: labda ananusa, labda anafuata shimo lililochukua muda mrefu kujazwa. Jamani, hayo waliyafikiria kabla yetu! Walijaribu muda, ujazo, mpangilio na uwezekano wa kuwahisi wadudu wenyewe. Hakuna lililotosha kueleza. Kisha wakampunguzia: ameona mengi yakiingia, anakuta machache. Aliyetarajia mengi alipekua kwa muda mrefu zaidi. Nani anapekua shimo tupu, kama hana kichwani kiasi anachokidai?

Tena sijasema anahesabu moja, mbili, tatu kama sisi. Anakadiria. Mbili dhidi ya nne ni rahisi, saba dhidi ya nane ni tabu, kwa kuwa kinachompa mwanga ni uwiano. Wanaomtaka ataje namba wanamwuliza swali ambalo maisha yake hayakuwahi kumwuliza.

Naona muda umekwisha. Bata tu, kwa haraka. Cambridge, utafiti wa Harper, 1982: bata 33 bwawani, watu wawili wakirusha mkate, mmoja kwa kasi maradufu ya mwenzake. Ndani ya dakika moja hivi, theluthi mbili ya bata walikuwa kwa yule mwenye kasi, na wengi wao walikuwa hawajaonja hata kipande kimoja.