Ziwa moja halitoshi: kuchanganya siklidi kwenye tangi

Ahsanteni. Leo sitaanza na kupima maji wala kuosha chujio. Hayo mnayajua, na asiyejua amuulize jirani yake hapo. Nimekuja na lile neno langu, na wanaonifahamu naona wameshaanza kucheka.

Ukienda kununua siklidi, samaki wa ukoo wa sato, muuzaji atakwambia: "Chagua ziwa moja, usichanganye wa Nyasa na wa Tanganyika, utakaa kwa amani." Ni ushauri wa haki, lakini ni nusu. Wa maziwa mawili wakikushinda, mara nyingi watakushinda kwa ugomvi na chakula. Wa ziwa moja watazaliana aina hii na ile, wachanganye damu, na hapo ndipo kilio changu kilipo.

Chukueni wawili wa Ziwa Victoria, wa kwetu Mwanza. Yupo nyererei, aliyepewa jina la Mwalimu, akaandikwa rasmi na wanasayansi mwaka 1985. Dume wake ana mgongo mwekundu, ubavu wa njano, mistari myeusi ya wima. Yupo na ndugu yake pundamilia, mistari ile ile, ila dume ni wa bluu-kijivu. Sawa. Sasa toa madume, niwekee majike kwenye beseni. Nani atanitenganishia? Wote rangi ya mchanga mchanga. Muuzaji anayeapa kwamba anawajua kwa macho, mwacheni aape.

Jike mwenyewe ndiye anayejua, na anachagua dume kwa rangi. Pale kisiwa cha Makobe, maji maangavu, pundamilia anakaa juu, nyererei anashuka chini zaidi, na kila jike ana wake. Njoo Luanso, ndani kabisa ya Ghuba ya Mwanza, kwenye maji ya tope: huzikuti aina mbili. Unakuta samaki wa katikati, si huyu si yule. Mtafiti Ole Seehausen na wenzake walishalichapisha mwaka 1997, kwamba maji yakichafuka, mipaka kati ya aina za furu, yaani siklidi wadogo wa Ziwa Victoria kama hawa, inavunjika. Na maabara wakajaribu: chini ya mwanga mweupe, jike akachagua dume wa aina yake. Wakaweka mwanga unaoficha rangi za madume, akawa hachagui tena.

Sasa wewe uliyefunga taa ya bluu na waridi juu ya tangi ili wageni washangae! Umejijengea Luanso sebuleni.

Najua, yuko mtu anasema moyoni, "mbona ziwani wanaishi pamoja?" Wanaishi, ndiyo. Ziwani jike akisumbuliwa anaondoka. Kwenye tangi la lita 200 ataondoka aende wapi? Azunguke chujio, arudi, amkute bwana yule yule mlangoni pa pango lake. Na dume aliyekosa jike wa aina yake hakai kusubiri, atacheza mbele ya yeyote. Baada ya wiki tatu hivi za kubebwa mdomoni, watoto wanatemwa, wewe unapiga picha, unamgawia rafiki na kumwambia ni nyererei. Rafiki naye anauza kwa jina hilo hilo. Jina linaendelea kutembea, samaki mwenyewe hayumo.

"Lakini si wanapendeza, mwalimu?" Wanapendeza sana. Kaa nao mpaka wazeeke, ila usiwauze wala usiwagawe kwa jina lisilo lao. Sangara alipofumuka ziwani miaka ya 1980, aina nyingi za furu zilipotea, na zipo ambazo leo zimebaki kwenye matangi tu. Hizo zikichanganywa, hakuna ziwa la kurudi kuchota. Kwa hiyo mkiniona mkali, nivumilieni.

Mwenyekiti ananionesha saa. Haya, haraka haraka. Tropheus wa Tanganyika anakwangua mwani, utumbo wake mrefu. Ukimweka na wala nyama ukawalisha chakula kimoja cha nyama, tumbo linavimba, unaokota maiti. Frontosa, naye wa Tanganyika, mchana mpole kama shehe, usiku anameza wadogo. Mbuna wa Nyasa waweke wengi na mawe mengi, ili mnyonge asiwe mmoja siku zote. Magonjwa naacha.

Na yule aliyeuliza mlangoni achanganye nini: wa Tanganyika, wasio wa ukoo wa karibu, kila mmoja na mahali pake. Multifasciatus mchangani, kwenye makombe matupu ya konokono. Julidochromis, jozi moja, kwenye nyufa za mawe upande wa pili. Cyprichromis, kundi zima, juu kwenye maji ya wazi, na tangi liwe refu na lenye mfuniko, maana hao wanaruka. Taa nyeupe. Maswali?