Kiswahili ndani ya hukumu ya Bosco Ntaganda

Ndugu zangu, mhadhara wa jenerali kwa kawaida huanza na vyeo vyake. Mimi naanza na sufuria. Kule Ituri, mashariki ya Kongo, mwaka 2002 na 2003, askari wa kike wa FPLC, jeshi la kundi moja la waasi, walipewa jina la "guduria", ile sufuria kubwa ya chakula ambayo kila apitaye anajichotea. Limeandikwa hivyo hivyo, kwa Kiswahili, katika hukumu ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai.

Ntaganda alizaliwa Rwanda, akakulia Masisi kule Kongo, akapigana msituni, na kufikia Ituri alikuwa naibu mkuu wa majeshi ya FPLC anayesimamia operesheni. Amri zilitoka kwa lugha hii hii tunayoongea hapa ukumbini. "Kupiga na kuchaji", walisema. Majaji waliridhika kwamba askari waliielewa: washambulie watu wote wa kabila la Walendu, raia pamoja nao, wapore na mali zao.

Februari 2003 operesheni ikaitwa "Shika na mukono". Sikieni jina lenyewe! Walendu waliitwa kwenye kikao cha amani, waliokwenda wakakamatwa. Pale Kobu, kwenye shamba la migomba nyuma ya jengo liitwalo Paradiso, wakauawa watu wasiopungua 49, kwa marungu, visu na mapanga, watoto wachanga wakiwemo.

Hati ya kumkamata ilitolewa 2006, ikawekwa hadharani 2008. Mwaka 2009 serikali ya Kongo ikamwingiza jeshini, akawa jenerali, akaishi Goma bila kujificha. (Mtu anasakwa na mahakama hiyo ya The Hague, huku askari wa serikali wanampigia saluti.) Mwaka 2012 ukaja uasi wa M23, kundi la waasi alilokuwamo. Kundi lilipogawanyika na upande wake kushindwa, tarehe 18 Machi 2013 aliingia kwa miguu yake mwenyewe katika ubalozi wa Marekani, Kigali.

Alikana mashtaka yote. Mwaka 2019 alitiwa hatiani kwa makosa 18, akafungwa miaka 30.

Ila ningependa tubaki kidogo na hoja moja ya mawakili wake: kwamba jeshi haliwezi kutenda uhalifu wa kivita dhidi ya askari wake lenyewe. Mwaka 2017 majaji wa rufaa waliikataa. Ndiyo maana, kati ya yale makosa 18, mawili yanahusu ubakaji na utumwa wa ngono wa watoto wa chini ya miaka 15 waliokuwa wamebeba bunduki zake.