Kurudi Berlin Si Kuendelea Ulipoachia

Shikamooni wazee wangu. Ndugu zangu, habari za jioni. Nimeombwa niseme juu ya kurudi: mtu amekaa Berlin, akaenda nyumbani, kisha akarudi Berlin ileile. Wengi mliomo humu mmeipita njia hiyo, na wengine mnafunga mizigo mwaka huu kwenda kuuguza mzazi. Nitasema yaliyonikuta, na nitamtaja mtu mmoja aliyetutangulia.

Niliishi hapa Wedding, mtaa huu wa Berlin, miaka saba, nikifanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Agosti 2022 mama alizidiwa kule Lushoto, nikaondoka. Mwezi huo tiketi ya euro 9 ilikupandisha mabasi ya mji na treni za mikoani nchi nzima. Niliporudi Novemba 2024, mama tumeshamzika, tiketi ya namna hiyo ilikuwa euro 49.

Anayekuja mara ya kwanza huuliza kila kitu, na watu humwonea huruma. Anayerudi huona haya. Anajua treni ya U6 inasimama wapi, anajua Jumapili maduka yamefungwa, anajua chupa ya plastiki ina senti 25 zake ukiirudisha dukani. Basi hudhani anajua na yaliyobaki. Mimi nilidhani hivyo, ikanigharimu majira yote ya baridi.

Nilijiandikisha makazi ndani ya wiki mbili kama sheria inavyotaka, na karatasi ya mwenye nyumba mkononi. Nikajiona nimemaliza. Kadi ya bima ya afya haikuja. Barua ya benki haikuja. Nikailaumu posta, nikailaumu bima, kazini nikawa nasema Wajerumani siku hizi wamelegea. Bibi mmoja wa ghorofa ya chini, tuliyefahamiana tangu nikiishi jengo la pili, alinikuta nimesimama mbele ya masanduku ya barua akaniuliza, “Jina lako liko wapi?” Masanduku kumi na sita ya bati, kila moja na jina lake. Sanduku langu lilikuwa bado na kibandiko cha mpangaji aliyehama, pembe zimekunjamana, wino umefifia. Tarishi wa hapa hana namba ya mlango wa kufuata, anafuata jina. Asipoliona, barua inarudi ilikotoka. Miaka saba jina langu lilikuwa mlangoni kwa sababu mwenye nyumba wa kwanza alilibandika siku niliyohamia, wala sikuwahi kufikiri kwamba kuna mtu aliyeifanya kazi ile.

Kuhusu kibali, mnaofunga mizigo nisikilizeni hapa. Kibali cha kawaida cha ukaazi hukoma ukikaa nje zaidi ya miezi sita, isipokuwa ofisi ya wahamiaji iwe imekupa muda mrefu zaidi. Sikuuomba muda huo. Mama yuko hoi, nani atakumbuka karatasi? Kikakoma, nikaanza na viza upya Dar es Salaam. Nawasihi, ulizeni kabla ya kupanda ndege, hata kama mnadhani mtakaa mwezi mmoja tu. Namba ya kodi haina shida, zile tarakimu 11 ni zilezile hadi kufa.

Karatasi zina mwisho wake. Lililonielemea zaidi ni kwamba Desemba jua linazama kabla ya saa kumi jioni, na rafiki niliyezoea kumgongea mlango amehamia Leipzig. Lushoto msiba ulikuwa na watu, jamvi na sufuria za jirani. Hapa nilifika nikiwa na msiba wangu peke yangu, na hakuna aliyejua aniambie pole, kwa sababu wote waliniona nimerudi kazini.

Jumapili moja nikatoka kutembea kwenye ule mtaa wa majina ya Afrika, karibu na bustani ya Rehberge, penye Sansibarstraße na Usambarastraße. Nikaitafuta Petersallee, njia yangu ya zamani ya kwenda kazini, nisiione. Mnamjua Carl Peters, yule mkoloni wa Kijerumani kule kwetu, ndiye Mkono wa Damu. Barabara ile ilipewa jina lake mwaka 1939. Mwaka 1986 wakubwa wa hapa wakasema jina sasa ni la Peters mwingine, Hans, na kibao kikabaki na Peters yuleyule machoni petu. Watu wakalipinga miaka mingi, na Waafrika wa mji huu wakiwa mbele. Agosti 2024 likang'oka. Kipande kimoja sasa kinaitwa Anna-Mungunda-Allee, kwa ajili ya yule mama wa Namibia aliyeuawa Windhoek mwaka 1959. Kingine ni Maji-Maji-Allee. Nikasimama chini ya kibao, nikakisoma kwa sauti kwa matamshi yetu, nikalia. Kwa mara ya kwanza tangu nirudi, mji ulikuwa umebadilika kwa namna iliyonipokea.

Ndipo nikamkumbuka Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo. Alifika Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili, na mwaka 1904 akamwoa Bertha Hilske. Mwaka 1905, mwaka uleule Maji Maji ilipolipuka, akapanda meli na mkewe kwenda kwao. Serikali ya kikoloni ikakataa mke Mjerumani aishi na mume Mwafrika kule. Wakageuza. Yeye kurudi Berlin hakukuchagua, alifukuziwa huku na wenye mji huuhuu. Mwaka 1909 akapata kufundisha Hamburg, baadaye akahangaika kwa mihadhara mji hadi mji, akafia Berlin mwaka 1927. Kila nikikumbuka jioni zangu zile za Desemba, humfikiria akipanda ngazi na mizigo ya safari iliyokatizwa, katika mji anaoujua, kazi hana.

Nimekuja na vibandiko na kalamu ya wino usiofutika, viko pale mezani karibu na chai. Aliyerudi mwezi huu aandike jina lake vibandiko viwili, kimoja cha kengele ya mlangoni, kimoja cha sanduku. Na kama umerudi na msiba, usiondoke kabla hatujakupa pole.