NAD, kalsiamu na yai la nungu wa baharini: mhadhara kwa walimu wa sayansi, Tanga

Walimu wenzangu, wanafunzi, wazee wetu mliokuja kusikiliza, asalaam aleikum, na habari za jioni.

Walionisikia kabla ya leo wanajua nitaanzia wapi. Kitabuni NAD, molekuli ndogo inayobeba haidrojeni ndani ya seli, inakaa kwenye sura ya upumuaji wa seli. Kalsiamu inakaa sura nyingine kabisa, ya misuli na neva, au ya mifupa na meno. Mwanafunzi anakariri sura ya kwanza, anafanya mtihani, anaisahau. Anakariri ya pili, vilevile. Anamaliza kidato cha sita, pengine na chuo, bila mtu kumwambia kwamba seli huichukua NAD ileile ikaikata, na kinachotoka hapo kinafungua ghala la kalsiamu. Jambo hili nimelipigia kelele miaka mingi na leo nalipigia tena, maana maswali ni yaleyale: "Taja kazi ya NAD." Mtoto akiandika kuwa inapokea na kupeleka haidrojeni, anapata alama. Akiandika kuwa ni malighafi ya ishara ndani ya seli, anakatwa. Linaniudhi hilo, na sioni sababu ya kulificha.

Msingi wa kalsiamu mnaujua, sitaurudia wote. Nje ya seli ni nyingi. Ndani ya saitoplazimu ya seli iliyotulia ni pungufu kwa mara 10,000 hivi. Tofauti hiyo haikai yenyewe. Seli ni kama ngalawa inayovuja: anayefua maji akipumzika, maji yanajaa. Pampu zinazofua kalsiamu zinakula ATP, molekuli ya nishati ya seli, na ATP ni nukleotidi, jamii moja na NAD. Kwa hiyo hata kabla hatujaigusa NAD, sura hizo mbili za kitabu zimeshakutana. Na ni kwa sababu ndani kalsiamu ni kidogo kiasi hicho ndipo ikipanda kidogo tu seli nzima inajua: msuli unakaza, tezi inamwaga homoni, yai linaanza kugawanyika.

Sasa yai. Hapa nitakaa, mnivumilie.

Nendeni Sahare wakati wa bamvua, maji yakishapwa. Kwenye mawe na majani ya bahari mtamkuta yule mnyama wa miiba ambaye watoto wote wa pwani wameshamkanyaga, nungu wa baharini. Sayansi ya utungisho, kwa zaidi ya miaka 100, imejengwa kwa sehemu kubwa juu ya mayai yake. Yanatoka kwa mamilioni, yanapenya mwanga, na yote yako katika hatua moja. Mbegu ya dume ikigusa yai, wimbi la kalsiamu linaanzia pale ilipoingia na kuvuka yai zima kwa nusu dakika hivi. Kalsiamu hiyo haitoki baharini. Inatoka kwenye maghala yaliyomo ndani ya yai lenyewe. Mwaka 1974 watafiti Steinhardt na Epel waliyapa mayai dawa inayopitisha kalsiamu kwenye utando, na mayai yakaamka bila mbegu yoyote ya dume.

Nani hufungua ghala? Mwaka 1983 jibu moja lilipatikana, kwenye seli za kongosho: molekuli ndogo iitwayo inositoli trifosfati, IP3. Wengi wakaona kazi imekwisha. Lakini kuhusu yai la nungu kulikuwa na jambo lililojulikana tangu 1964, kwa kazi ya David Epel: dakika chache baada ya utungisho, nukleotidi za jamii ya NAD hubadilika sana ndani ya yai. Kwa nini zibadilike wakati uleule kalsiamu inapopanda? Hon Cheung Lee na wenzake, Minnesota, wakaamua kujaribu. Walisaga mayai, wakabaki na maghala ya kalsiamu yakielea kwenye kimiminika, wakaweka kipimo kinachochora mstari kwenye karatasi kalsiamu ikitoka. Wakatia IP3: kalsiamu ikatoka papo hapo. Wakatia tena mpaka ghala likaacha kuitikia IP3. Kisha wakatia NAD.

Hakuna kitu. Mstari kwenye karatasi umelala. Dakika zinapita. Halafu mstari ukapanda.

Jamani, dakika hizo chache za kusubiri ndizo zilizonifanya nipende biokemia. Mtafiti mwenye haraka angeondoa karatasi mapema na kuandika kuwa NAD haifanyi kazi. Mwingine angeona mstari umepanda akaandika kuwa NAD hufungua ghala, akaishia hapo. Wao waliuliza swali moja tu: kwa nini imechelewa? Kitu kinachofungua mlango chenyewe hakichelewi. Kinachochelewa ni kile kinachotengenezwa kwanza. Basi wakaiacha NAD ikae na kimiminika cha mayai kwa muda, ndipo wakaitia kwenye maghala mapya, na safari hii kalsiamu ikatoka mara moja, bila kusubiri. Maana yake humo ndani kulikuwa na kimeng'enya kinachoigeuza NAD kuwa kitu kingine, na kitu hicho ndicho mjumbe anayeliambia ghala lifunguke. Makala ilitoka mwaka 1987. Mwaka 1989 umbo la mjumbe likaelezwa: kimeng'enya kinaikata NAD, kinatupa nikotinamaidi, halafu kinaupinda mkia uliobaki mpaka ushikane na kichwa. Unapatikana mduara: ADP-ribosi ya mzunguko, kwa kifupi cADPR.

Niliwahi kuulizwa, na mwalimu mzuri tu: "Profesa, kama IP3 inatosha, cADPR ya nini?" Swali halali. Lilijibiwa mwaka 1993 kwenye mayai hayahaya. Ukiizuia njia ya IP3 peke yake, wimbi la utungisho bado linapita. Ukiizuia ya cADPR peke yake, linapita. Ukizizuia zote mbili, linakwama. Yai halikuacha jambo zito kama kuanza uhai lishike njia moja. Mwanafunzi anayefundishwa IP3 peke yake amefundishwa nusu.

Sasa kimeng'enya chenyewe. Kwenye mayai ya nungu kilikuwa kidogo mno kukisafisha kwa urahisi. Kilipatikana kwa wingi mahali pengine kabisa: kwenye kiungo cha uzazi cha Aplisia, yule konokono laini wa baharini anayetoa wino wa zambarau akishikwa. Kikasafishwa, mfuatano wa asidi amino zake ukasomwa, na mwaka 1992 ukalinganishwa na protini zilizokwisha kujulikana. Ukafanana na protini ya binadamu! Protini hiyo ni CD38, ambayo madaktari walikuwa wakiitumia tangu miaka ya 1980 kama alama tu ya kutambulia chembe nyeupe za damu. Ilikuwa na namba, haikuwa na kazi. Mwaka uliofuata ikathibitika kuwa CD38 nayo hutengeneza cADPR na kuivunja.

Hapa kuna jambo ambalo walimu wa maabara mnapaswa kulishika. Ukiipa CD38 NAD kisha ukapima kinachotoka, karibu chote ni ADP-ribosi ya kawaida, ile isiyojipinda. cADPR ni sehemu ndogo sana. Anayepima zao kubwa peke yake atakiita kimeng'enya hiki "mvunja NAD" na kufunga daftari, na ndivyo vimeng'enya vya aina hii vilivyoitwa kwa muda mrefu. Lakini mjumbe hahitaji kuwa mwingi. Kwa hiyo nawaomba, mnapofundisha kimeng'enya, msiishie kuuliza kinavunja nini kwa wingi. Ulizeni na kile kidogo kinachobaki kinakwenda wapi.

Wapo waliopinga, na pingamizi lao lilikuwa na nguvu: CD38 imeuelekeza mdomo wake, yaani sehemu inayoikata NAD, nje ya seli, na NAD iko ndani. Itaifikiaje? Kwa miaka ilikuwa fumbo la kweli. Mwaka 2012 kundi la Lee likaonyesha kuwa baadhi ya CD38 hukaa kwenye utando kwa kugeuka, mdomo ukiangalia ndani. Wapo wanaoona jibu hilo halijatosha, na mjadala wa namna hiyo ndio ninaotamani wanafunzi wetu waukute darasani, badala ya orodha za kukariri.

Mtaniuliza kuhusu dawa, najua. Mwaka 2015 Marekani iliidhinisha daratumumab, kingamwili inayoshika CD38 juu ya seli za saratani ya uboho iitwayo mieloma. Inasaidia wagonjwa kwelikweli. Lakini nisiwapambie: dawa ile kwa sehemu kubwa inaitumia CD38 kama mahali pa kuishika seli ya saratani ili kinga ya mwili iiue, na haikubuniwa kwa sababu ya cADPR. Na wale wanaouza vidonge vya kuongeza NAD wakiahidi ujana, hoja yao inaegemea utafiti wa panya, kama ule wa 2016 ulioonyesha kuwa CD38 huongezeka kadiri mnyama anavyozeeka na NAD hupungua. Ni utafiti mzuri. Hautoshi kumtoa mzee wa Ngamiani pesa yake ya dawa za presha akanunue kopo. Niasini, vitamini ya kutengenezea NAD, anaipata kwenye samaki, kwenye karanga, kwenye maharage. Anayekula mahindi matupu miezi na miezi ndiye wa kuhofia pelagra, ugonjwa wa upungufu wa niasini, na huyo tiba yake ni niasini na mlo kamili.

Nilitaka niongee kwa kirefu kuhusu malaria, muda unanibana, nitaipitia mbiombio. Kimelea cha malaria hakiwezi kujitengenezea purini, aina moja ya vijenzi vya nukleotidi. Kinazichukua kwenye chembe ya damu kilimojificha. Pirimidini, aina ya pili, kinajitengenezea, na kwa DNA yake kinahitaji foleti, vitamini ya kundi B. Dawa ya SP (sulfadoksini na pirimethamini) inabana vimeng'enya viwili vya njia hiyo ya foleti. Tanzania iliifanya SP dawa ya chaguo la kwanza ya malaria mwaka 2001, na kufikia 2006 ALu (artemetha na lumefantrini) ikachukua nafasi, kwa sababu vimelea vilishabadilisha vimeng'enya vyao. Muheza hapo jirani ni kati ya sehemu zilizotajwa sana kwa usugu huo. Na kimelea hichohicho hutumia kalsiamu kujua saa ya kutoka kwenye chembe moja na kuingia nyingine, kwa vimeng'enya vya CDPK ambavyo mimea inavyo na binadamu hana. Nukleotidi na kalsiamu tena, kiumbe kimoja. Ya NAADP, mjumbe wa tatu, nitayaacha siku nyingine.

La mwisho, maana naona mwalimu wa Chumbageni ameshanyoosha mkono na najua atasema hatuna vifaa. Amani, milimani hapo juu, kulikuwa na taasisi ya utafiti tangu 1902, kwa hiyo msiniambie maabara ni jambo geni Tanga. Na kwa somo hili hamhitaji mashine kubwa. Gramu 37 za kloridi ya potasiamu katika lita moja ya maji. Chukueni nungu wachache, msiwakusanye kwenye maeneo ya hifadhi, na mpige sindano ya mililita moja hivi kwenye ngozi laini inayozunguka mdomo. Jike aliyekomaa atatoa mayai ya njano au ya machungwa. Mpindueni juu ya bilauri ya maji safi ya bahari. Dume atatoa maji meupe: yawekeni pembeni makavu, mchanganye na maji ya bahari dakika ya mwisho tu, la sivyo mbegu zinachoka. Tone moja la kila kimoja chini ya hadubini ya shule. Ndani ya dakika moja hivi mtaona utando unanyanyuka kulizunguka yai. Ule ni kazi ya kalsiamu, mnaiona kwa macho. Wapeni wanafunzi saa, wapime sekunde, waandike. Mayai yakikaa vizuri, baada ya kama saa moja yatagawanyika mara mbili. Mkimaliza, nungu warudisheni baharini palepale mlipowatoa.

Haya, mwalimu, uliza.