Mama Yako Anauza Nini?

Ketini, ketini. Nyinyi wa nyuma sogeeni, leo hakuna atakayewapima kifua.

Nimeombwa niseme juu ya intavyuu ya kuingia chuo cha maafisa wa jeshi letu la Uganda, Kabamba. Historia ya Tarehe Sita Februari 1981, Museveni na wenzake walipoivamia kambi hiyo ya Kabamba, sirudii, nyote mmeikariri. Na hilo ndilo linalonikera: mmekariri! Unamuuliza kijana, kwa nini unataka kuwa afisa? Anakaza shingo, anautazama ukuta: "Afande, kulinda mamlaka na mipaka ya nchi yangu!" Hiyo ni Ibara ya 209. Sikukuuliza Katiba inasema nini, Katiba ninayo nyumbani. Nimekuuliza wewe.

Nitarudia habari ya mtoto wa gonja, ile ndizi ya kuchoma. Walioisikia mwaka jana wavumilie.

Tulikuwa wanne mezani. Akaingia kijana mwembamba, shati limepigwa pasi hadi linang'aa. Mama anafanya kazi gani? "Biashara ya vyakula, afande." Vyakula gani? "Mbalimbali, afande." Mbalimbali! Muda wote mkono wa kulia ameuficha chini ya wa kushoto. Mwenzangu akamwambia, hebu weka mikono mezani. Juu ya vidole, alama za moto, ndogondogo kama punje za ulezi.

"Hizi nini?"

Kimya. Halafu, polepole: "Sigiri, afande. Mama anachoma gonja kwenye stendi ya teksi. Namsaidia."

Basi hapo ndipo intavyuu ilipoanza. Gonja ipi inafaa kuchomwa? Akasema iliyoiva lakini bado ngumu kidogo. Ikilainika inanata kwenye wavu na kupasuka, ikiwa mbichi mteja anairudisha. Mvua ikinyesha? "Abiria hawashuki, afande, kwa hiyo mimi ndiye ninayekimbilia madirishani." Na manunuzi? Mbingu ikiwa nzito asubuhi wanachukua chane mbili badala ya mkungu mzima, kwa sababu gonja iliyobaki kesho yake imeshapitiliza. Mwenzangu wa ugavi, mtu aliyelisha kikosi miaka mingi, akaweka kalamu chini akaanza kumuuliza bei ya mkaa kama vile yeye mwenyewe anataka kufungua sigiri. (Kicheko.) Mnacheka, lakini alama tulizompa yule kijana mwanzoni zilikuwa mbaya sana. Alikuwa amemwacha mama yake nje ya mlango.

Nawasikia pale dirishani mkinong'ona: mzee, siku hizi ni kujuana tu. Haya. Mpwa wangu naye aliamini hivyo. Akauza ng'ombe wawili wa baba yake, akampa pesa mtu aliyemwahidi nafasi. Nafasi hakupata, ng'ombe hana, na simu ya yule bwana imezimwa mpaka leo. Kuandikishwa ni bure. Anayekudai pesa mpe mgongo, usimpe hata nauli.

Mwingine ataniambia Kiswahili chake kibovu, na kwamba bibi yake alisema Kiswahili ni lugha ya wezi. Bibi yako simlaumu. Aliyewahi kubishiwa mlango usiku na askari wa Amin, miaka ya sabini, hakubishiwa kwa Luganda. Ndiyo maana nataka wewe ukijue vizuri, ili siku moja ubishe mlango kwa Kiswahili na mwenye nyumba asirukie dirishani. Ngeli utakosea. Mimi simjui mtu aliyerudishwa nyumbani kwa sababu ya ngeli.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Haraka basi: jina kwenye kitambulisho cha taifa na kwenye cheti cha UNEB, baraza la mitihani, liwe moja, herufi kwa herufi. Ssali wa s mbili na Sali wa s moja, mezani pale ni watu wawili. Barua ya LC1, baraza la kijiji, itafute mapema, mwenyekiti wa kijiji naye husafiri kwenda matangani. Mbio anza kesho alfajiri, si wiki ile ya usaili. Somalia wanaweza kukuuliza, jeshi letu liliingia kule 2007, soma. Juu ya viatu nilikuwa na mengi, basi tuyaache.

Maswali? Wewe wa shati la bluu, simama. La, ngoja, usiulize kwanza. Mama yako anauza nini?