Siku Sita Kati ya Somo na Somo: Mhadhara juu ya Karate ya Mara Moja kwa Wiki

Walimu wangu, wanafunzi wenzangu, na wazazi mliofika kuwasindikiza watoto wenu,

Nashukuru kwa kupewa nafasi ya kuzungumza nikiwa mwanafunzi. Mara nyingi habari za karate husimuliwa na wale waliokwisha kufika mbali, ilhali mtu anayehudhuria somo moja tu kwa wiki, baada ya kazi au masomo yake mengine, hubaki kuwa msikilizaji. Mimi ni mmoja wa hao, na leo nataka tujiulize mwanafunzi wa namna hiyo anajifunza nini, na hasa anajifunza lini. Jibu langu nalitoa mapema ili mnipime nalo. Naamini kwamba somo la wiki ni mahali pa kurekebishwa, na kwamba karate yenyewe huingia mwilini katika zile siku sita zinazofuata. Asiyelijua hilo anaweza kuhudhuria kwa uaminifu mwaka hata mwaka, na bado kila juma akawa anaanza upya.

Utaratibu huu tunaouona kuwa wa kawaida, wa kupanga safu na kufuata hesabu ya mwalimu, haukuwapo tangu zamani. Huko Okinawa, kisiwa cha Japani, karate ilifundishwa kwa mwanafunzi mmoja au wachache, nyumbani kwa mwalimu, na Funakoshi Gichin, mwalimu aliyekuja kuieneza karate Japani, aliyezaliwa mwaka 1868, alijifunza hivyo, usiku, akirudia kata moja, yaani mfuatano wa miondoko uliopangwa, kwa muda mrefu kabla ya kuruhusiwa kuendelea na nyingine. Mabadiliko yalikuja mwanzoni mwa karne ya 20, pale mwalimu Itosu Anko alipoiingiza karate katika shule za Okinawa. Yeye ndiye anayetajwa kuwa mtunzi wa kata tano za Pinan, zilizokusudiwa wanafunzi wa shule, ambazo baadaye Funakoshi, aliyekwenda Tokyo mwaka 1922, aliziita Heian. Kwa hiyo darasa letu la wiki limerithi mengi kutoka shuleni. Limewafungulia mlango watu wengi ambao wasingeweza kamwe kugonga nyumbani kwa mwalimu wa Okinawa, na kwa hilo nalishukuru kwa dhati. Lakini lina gharama yake. Katika somo la dakika 90 lenye wanafunzi 24, jicho la sensei, yaani mwalimu, hata akiligawa kwa haki kamili, halitamfikia kila mmoja kwa dakika nne. Dakika hizo chache ndizo mali tunayoondoka nayo, na suala zima ni tunaitumiaje.

Niruhusuni nioneshe kwa jambo moja, nalo ni ngumi ya mkono wa nyuma, yaani gyaku-zuki, ikirushwa kutoka katika msimamo wa zenkutsu-dachi. Kwa mtazamaji ni ngumi tu. Mwanafunzi anapofundishwa, anaambiwa akunje goti la mbele hadi lifike juu ya vidole vya mguu, anyooshe mguu wa nyuma, akanyage kwa unyayo mzima, kisha ageuze nyonga ili ngumi itoke ikisukumwa na nyonga hiyo, huku mkono mwingine ukirudi kwa nguvu ubavuni. Haya yote huelezwa kwa muda mfupi, na mwanafunzi huyaelewa siku hiyohiyo. Kuelewa, hata hivyo, hakutoshi. Sensei wangu alikuwa na desturi ya kupita nyuma ya safu na kugusa kisigino cha mguu wa nyuma kwa ncha ya mguu wake, taratibu, bila kusema neno. Kisigino kilichonyanyuka, hata kidogo tu, huteleza au husogea pale pale anapokigusa, na mwanafunzi huhisi papo hapo kwamba nguvu aliyodhani inatoka ardhini ilikuwa inatoka begani. Mguso huo mmoja una thamani kuliko maelezo ya nusu saa, kwa sababu unamwonesha mwanafunzi kosa kwa mwili wake mwenyewe.

Sasa, nini kinafuata? Mwanafunzi hurekebisha, hurusha ngumi kadhaa zilizo sahihi, kisha hesabu inasonga mbele, inakuja kata, inakuja kumite, yaani mapambano ya wawili, watu wanainamiana na kuagana. Ikiwa hatarudia msimamo ule mpaka wiki ijayo, kisigino kitakuwa kimenyanyuka tena, na sensei atakuja kukigusa tena. Hapo marekebisho yaliyotolewa hayajaongezeka hata kidogo. Yamelipwa mara mbili. Lakini akisimama nyumbani kesho yake, pasipo sare wala kioo, akashuka katika zenkutsu-dachi na kusikiliza kisigino tu, ngumi asiirushe kwanza, basi yale aliyopewa kwa sekunde chache huanza kuwa yake.

Sayansi ya kumbukumbu inaunga mkono jambo hili. Mwaka 1885 Hermann Ebbinghaus wa Ujerumani, aliyejifanyia majaribio ya kukariri, alieleza kwamba marudio yaliyotawanywa katika siku kadhaa hudumu kuliko marudio mengi yaliyorundikwa mara moja. Utafiti uliofuata umeona hali kama hiyo katika ujuzi wa viungo, na umeonesha pia kwamba usingizi husaidia kukaza kile kilichojifunzwa mchana. Kwa mwanafunzi wa karate maana yake ni nyepesi na ya kutia moyo: dakika kumi za kila siku, zikifuatwa na usingizi, zina kazi ambayo somo moja refu haliwezi kuifanya kwa jasho pekee. Pengo la wiki si adui. Pengo tupu ndilo adui.

Upande wa nguvu na pumzi hesabu ni kali zaidi, na ni vizuri wazazi waisikie. Shirika la Afya Duniani, katika miongozo yake ya mwaka 2020, linapendekeza kwa mtu mzima angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, pamoja na mazoezi ya misuli siku mbili au zaidi. Kwa watoto linapendekeza wastani wa dakika 60 kila siku. Somo moja la wiki, liwe zuri namna gani, halifiki hapo. Anayekuja dojo, yaani ukumbi wa mazoezi, akitarajia kwamba saa moja na nusu itamjengea mapaja ya kubeba misimamo ya chini ataumia magoti na kukata tamaa, na naona si haki kumwacha aamini hivyo.

Kata ndiyo zawadi kubwa kwa mtu wa mara moja kwa wiki, kwa kuwa haihitaji mwenzi wala vifaa. Chukueni Heian Shodan, ya kwanza kati ya zile kata tano za Heian, yenye miondoko 21. Baada ya kukinga juu mara tatu na kutoa kiai, yaani ukelele wa nguvu, mwanafunzi anatakiwa kugeuka nyuzi 270 juu ya mguu wa kulia, mguu wa kushoto ukizunguka nyuma mpaka utue mahali pake pa kukinga chini. Wengi hujikwaa hapo, kwa sababu katika safu hugeuka kwa kumwangalia jirani, na jirani akiondoka hawajui waendako. Mwanafunzi aliyeurudia mgeuko huo peke yake, polepole, akitazama kwanza anakokwenda ndipo nyonga ifuate, hutambulika mara moja katika safu. Hatazami pembeni.

Kuhusu mikanda sitasema mengi. Kano Jigoro aliianzisha katika judo, Funakoshi akaichukua na kutoa ngazi za kwanza za dan, yaani za mkanda mweusi, mwaka 1924, na tangu hapo inasaidia kupanga mafunzo. Mwanafunzi wa wiki atachelewa kupanda kuliko anayekuja mara tatu, na hiyo ni sawa kabisa.

Kuna jambo moja ambalo nyumbani halipatikani hata kwa bidii ya namna gani, nalo ni umbali kati yangu na mtu anayenijia kwa kasi. Katika gohon kumite, ambapo mwenzi hushambulia hatua tano mfululizo na mimi narudi nyuma nikikinga, najifunza kwamba ngumi yake haikomi pale ninapopenda ikome. Nikirudi hatua ndefu mno nakinga hewa na siwezi kujibu. Nikirudi fupi ananifikia. Kipimo hicho hubadilika kwa kila mwenzi, mrefu au mfupi, mwoga au jasiri, na hakuna ukuta wala kioo kinachoweza kunifundisha.

Kwa sababu hiyo nina ombi kwa walimu waliopo hapa, na nalitoa kwa heshima. Muda wa darasa la wiki upewe zaidi yale yanayohitaji watu wawili na yale yanayohitaji jicho la sensei, na marudio ya ngumi za hewani yapunguzwe kidogo. Kisha, kabla ya kuinama na kuagana, kila mwanafunzi atajiwe jambo moja la kufanyia kazi hadi siku ya somo lijalo: kisigino, au bega, au ule mgeuko wa nyuzi 270. Jambo moja tu, kwa jina, na wiki ijayo aulizwe juu yake kabla ya hesabu ya kwanza kuanza.

Asanteni kwa kunisikiliza. Niko tayari kwa maswali.