Kitu Kisichokuwa Kwenye BQ

Asanteni. Nimeombwa nizungumzie kinachozuia miradi mikubwa ya ujenzi isiwafae watu wanaoishi kando yake. Nitaanzia Lamu.

Ujenzi wa bandari ya huko ulizinduliwa Machi 2012, Rais Kibaki wa Kenya akiwa na wageni wake Meles Zenawi, Waziri Mkuu wa Ethiopia, na Salva Kiir, Rais wa Sudan Kusini. Kina cha kuchimba kilijulikana, mita 17.5. Urefu wa kila gati ulijulikana, mita 400. Sasa mvuvi wa mashua, maji ya ghuba ya Manda, ilipo bandari, yakishatibuliwa, ataenda kutega wapi? Swali hilo lilifika kwa majaji. Aprili 2018 Mahakama Kuu iliamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76, na ikasema wananchi hawakupewa habari ipasavyo. Tazameni fidia ilikotoka: kwa jaji, wala si kwenye mkataba.

Nimekaa ofisi za saiti miaka mingi. Huko, kitu kisichokuwa kwenye BQ, ile orodha ya kazi na vifaa vyenye vipimo na bei, hakipo duniani. Zege limo, nondo zimo, hata choo cha vibarua kimo. Ile sentensi ya "mkandarasi atawanufaisha wenyeji" huwa kurasa za mbele za mkataba, haina kipimo, haina bei. Mzabuni mwaminifu akiipigia hesabu, tenda inakwenda kwa jirani yake aliyeiruka. Kazi ikianza, msimamizi hana cha kuidhinisha wala cha kukata. (Ajira nayo ni hivyo hivyo, isipopangwa mapema: kijana huwezi kumfundisha kuendesha greda wiki ambayo greda limeshushwa.)

Mtaniambia sheria ipo. Ipo kweli, Kenya asilimia 30 ya tenda za serikali imetengewa vijana, kina mama na watu wenye ulemavu. Mimi naiunga mkono. Ila nilikuwa kwenye barabara moja, kikundi cha kina mama kikatuletea kokoto, safi kabisa, kwa wakati. Cheti chao cha malipo kikazunguka meza hadi meza miezi saba. Mkandarasi mkubwa ana benki ya kumshika mkono. Wale walikuwa na chama chao cha kuweka akiba tu, na pesa za chama ni karo za watoto. Awamu ya pili hawakuomba tena.

Kwenye ripoti ya mradi pakaandikwa kwamba wenyeji hawakujitokeza. Niliyeandika ni mimi.